Jua la Lionja na Maji ya Kuoga

Mtu yeyote aliyewahi kufungua bomba saa nane za mchana, mahali ambapo mpira mweusi wa maji umelazwa juu ya ardhi tupu, anajua kwamba maji ya kwanza yanayotoka huunguza mkono. Jambo hilo limezoeleka mno, hata hakuna anayelifikiria. Lakini katika nyumba ile ile, saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili, mama huinama mbele ya mafiga matatu, macho yakimtoka machozi kwa moshi, akichochea kuni ili watoto wapate maji ya kuoga kabla ya kwenda shule. Baina ya saa hizo mbili pana kazi ambayo fizikia ya kidato cha pili yatosha kuifanya, na hoja ya makala haya ni kwamba kazi hiyo imecheleweshwa pasipo sababu ya kutosha.

Lionja, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, iko kiasi cha nyuzi kumi kusini ya Ikweta. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili; miezi inayobaki ni ya kiangazi, ya kuvuna ufuta na mbaazi na kuokota korosho. Msomaji wa mbali huweza kuuliza kwa mshangao: katika nchi ya joto namna hiyo, nani anayehitaji maji ya moto? Swali hilo huulizwa na watu ambao hawajapata kulala bara ya Lindi katika kipupwe. Mwezi wa Juni na Julai usiku huwa wa baridi, na maji yaliyolala nje katika dumu huwa hayagusiki alfajiri. Tena wapo wanaohitaji maji ya moto mwaka mzima: mtoto mchanga, mzee mwenye maumivu ya viungo, mgonjwa wa homa, na mama aliyejifungua, ambaye kwa mila hukandwa na kuogeshwa kwa maji ya moto siku nyingi. Nyumba yenye mzazi haizimi moto.

Ni vyema hesabu ifanywe, kwa kuwa mjadala wa nishati vijijini una maneno mengi na tarakimu chache. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Sentigredi kunahitaji kilojuli 4.2. Ndoo ya lita 20 iliyo na nyuzi 20 alfajiri, ikitakiwa kufika nyuzi 45 zinazofaa kuogea, inahitaji 20 × 4.2 × 25, yaani kilojuli 2,100. Wengi hawachemshi ndoo nzima; huchemsha sufuria ya lita sita hivi mpaka itokote, kisha huchanganya na maji baridi. Hilo halipunguzi chochote katika hesabu, na mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuthibitisha kwamba joto linalotumika ni lile lile.

Kilo moja ya kuni kavu ina kiasi cha kilojuli 16,000. Kwa tarakimu hiyo peke yake ingeonekana kwamba kilo moja yatosha ndoo saba na zaidi. Lakini mafiga matatu yaliyo wazi hupitisha ndani ya sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto. Kilichobaki huchukuliwa na upepo, mawe, na paa lililopakwa masizi. Kwa hiyo, kwa kukadiria, ndoo moja ya maji ya kuoga hula kilo moja ya kuni. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga nusu ndoo, huteketeza kilo tatu kwa siku kabla hata uji haujatiwa motoni. Katika siku mia moja za baridi hizo ni kilo 300. Ikiwa mzigo wa kichwani una kilo 20, basi ni safari kumi na tano za porini kwa ajili ya kuoga tu. Anayekwenda safari hizo anajulikana, na aghalabu si yule anayeamua fedha za korosho zitumikeje.

Upande wa pili wa hesabu ni jua. Katika sehemu kubwa ya Tanzania kila mita ya mraba ya ardhi hupokea kwa wastani kilowati-saa 4 hadi 7 kwa siku. Ikichukuliwa 5, hizo ni kilojuli 18,000, yaani zaidi kidogo ya kilo moja ya kuni kavu kwa kila mita ya mraba ya uwanja, kila siku, bila shoka wala kamba. Sanduku jeusi lenye kioo, hata likitengenezwa na fundi wa kawaida, likinasa asilimia 40 ya joto hilo, hutia katika maji kilojuli 7,200. Hizo ni sawa na ndoo tatu na ushei za maji ya kuoga. Mita moja ya mraba, basi, hulingana na mahitaji ya familia ile ya watu sita.

Itasemwa kwamba siku hizi umeme umefika vijijini na kwamba Serikali inahimiza nishati safi. Hayo ni kweli na ni ya kushukuriwa. Wakala wa Nishati Vijijini umeanza kazi tangu mwaka 2007, na nguzo zimefika mahali ambapo zamani hapakutazamiwa. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lakini jina lenyewe la mkakati linaonyesha pengo lake. Nishati inayozungumzwa ni ya kupikia. Maji ya kuoga hayakuhesabiwa kuwa mapishi, ingawa hukaa juu ya mafiga yale yale na kula kuni zile zile. Mama aliyepewa mtungi wa gesi hupikia mboga na chai kwa gesi, kisha huwasha kuni kwa ajili ya ndoo za kuoga, maana hakuna mwenye akili timamu atakayemaliza mtungi kwa kupasha maji. Wala si uzembe, ni uchumi.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea sana mkoani Lindi. Gesi asilia ya Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, imekuwa ikizalisha umeme wa mikoa ya kusini kwa miaka mingi. Wananchi wengi hudhani kwamba gesi ya mtungini inayouzwa dukani Nachingwea ni hiyo hiyo yao. Sivyo. Gesi asilia ni metani, ambayo haigeuki kuwa kimiminika kwa kushindiliwa tu katika mtungi wa kawaida. Gesi ya mitungi ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mkulima wa Lionja anayepasha maji ya kuoga kwa mtungi huchoma mafuta ya nchi nyingine huku jua lake likianguka bure uani.

Na umeme? Ndoo tatu kwa siku ni kiasi cha kilowati-saa moja na robo tatu, hata kama chuma cha kuchemshia maji hakipotezi chochote. Kwa mwezi hizo ni uniti 52. Mteja mdogo wa nyumbani hupata bei nafuu iwapo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Maji ya kuoga peke yake yatameza zaidi ya theluthi mbili ya kiasi hicho, na zitakazobaki hazitatosha taa, redio, simu na pasi. Bila kusahau kwamba chuma hicho cha kutumbukiza ndani ya ndoo ni kifaa cha hatari, ambacho hakikustahili kuwekwa mahali penye watoto wenye miguu iliyolowa.

Wazo la kunasa joto la jua si jipya. Mwaka 1767 mwanasayansi wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lenye tabaka kadhaa za kioo, na ndani yake joto likapita nyuzi 100. Siri yake ni kwamba kioo huruhusu nuru ya jua kupita, lakini huzuia mionzi ya joto inayotolewa na kitu cheusi kilichopata moto. Tena huzuia upepo. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya mapipa meusi ya maji ndani ya sanduku la kioo. Mwaka 1909 William Bailey, huko California, alitenganisha sehemu ya kupashia na tangi la kuhifadhia, akalifunika tangi hilo kwa kizuia joto, hata maji yakabaki na moto mpaka asubuhi. Biashara yake ilistawi, kisha ikaporomoka katika miaka ya 1920, gesi asilia ya bei rahisi ilipopatikana katika eneo hilo. Mwaka 1980 Israeli ilitunga sheria ya kuzilazimisha nyumba mpya ziwe na mitambo hiyo, na mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku. China ndiyo iliyoeneza zaidi mitambo ya mirija ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo sasa huonekana juu ya mapaa ya hoteli za Dar es Salaam na Arusha.

Wala Tanzania haikulala. Mwezi Agosti 1977 Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi liliendesha mjini Dar es Salaam warsha nzima kuhusu nishati ya jua kwa vijiji vya Tanzania. Miaka inakaribia hamsini, na vijiji bado vinapasha maji kwa mafiga. Ingekuwa rahisi kuwalaumu wananchi kwa kushikilia ya kale, na wataalamu kadhaa wamefanya hivyo. Lawama hiyo si ya haki. Kilichopelekwa vijijini mara nyingi ni jiko la jua, chombo kinachomtaka mpishi akae juani adhuhuri, akikigeuzageuza kulifuata jua, ili apate chakula saa ambayo familia haili, kwa sababu mlo mkubwa ni wa jioni. Mama alikipima chombo hicho kwa busara, akakigeuza kuwa mahali pa kuatamishia kuku. Maji ya kuoga ni jambo jingine kabisa. Hayahitaji kukorogwa wala kulindwa yasiungue. Huachwa asubuhi, watu wakaenda shambani, yakakutwa jioni yako tayari. Kama pangekuwapo kazi moja ya nyumbani iliyoumbwa kwa ajili ya nishati ya jua, ni hiyo; na ajabu ni kwamba ndiyo iliyoachwa hadi mwisho.

Mtambo wa dukani nao haukubuniwa kwa ajili ya Lionja. Unataka maji ya bomba yenye msukumo wa kudumu, paa lenye nguvu ya kubeba tangi lililojaa, na fundi wa karibu mrija ukipasuka. Pale ambapo maji hutoka kisimani kwa ndoo, na paa ni la nyasi au la bati lililopigiliwa juu ya fito, mtambo huo ni pambo la gharama. Nachingwea ina sababu ya pekee ya kukumbuka jambo hili. Ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa kwa ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kwa mashine. Reli ilijengwa, matrekta yakaletwa, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa, kwa kuwa udongo na mvua havikuchunguzwa kwanza. Reli yenyewe iling'olewa baadaye.

Kinachofaa ni chombo cha chini, kwa maana zote mbili. Kwanza umbo. Wengi hujaribu kupaka dumu la lita 20 rangi nyeusi na kuliweka juani, kisha hukata tamaa jioni maji yakiwa vuguvugu tu. Kosa si la jua. Dumu ni nene na lina uso mdogo; ubavu wake unaotazama jua ni kama sehemu moja ya nane ya mita ya mraba, nao unatakiwa upashe lita 20. Maji yanayotaka jua hutandazwa. Tangi bapa la bati, lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kina cha sentimeta nne tu, hubeba lita 40. Likipakwa juu rangi nyeusi isiyong'aa, likawekwa ndani ya sanduku la mbao lenye kioo cha dirisha juu na pumba za mpunga chini na ubavuni, maji yaliyoingia na nyuzi 20 asubuhi yaweza kufika zaidi ya nyuzi 60 alasiri ya siku njema. Fundi bati anayetengeneza ndoo na mifereji ya maji ya mvua ana ujuzi wote unaohitajika. Sehemu ngumu ni kuzuia bati lisivimbe, na hilo huondolewa kwa kuligongea misumari-kifungo michache katikati na kuiziba kwa risasi ya kulehemia, mradi maji hayo yasiwe ya kunywa wala kupikia.

Pili, mahali. Sanduku hukaa chini, juu ya matofali, uani, likiwa limeinuliwa kidogo upande mmoja. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humwagiza msomaji alielekeze kusini. Agizo hilo ni sahihi kwao na ni kosa Lionja. Katika Juni jua la adhuhuri huonekana kaskazini, kiasi cha nyuzi 34 kutoka utosini, na hapo ndipo maji ya moto yanapohitajika zaidi. Sanduku basi hulala likitazama kaskazini. Jua hufika utosini hasa mnamo Februari 20 na Oktoba 20 hivi, na kati ya siku hizo, Desemba na Januari, hupita upande wa kusini. Anayetaka kufaidi mwaka mzima abadilishe matofali mara mbili kwa mwaka. Hakuna mtambo wa dukani unaoweza kufanyiwa hivyo kirahisi.

Tatu, na hapa ndipo majaribio mengi hushindwa, usiku. Sanduku linalopata joto vizuri mchana hulipoteza vizuri usiku kupitia kioo kile kile. Kwa hiyo jioni, kabla jua halijatua, maji humiminwa katika ndoo mbili zenye vifuniko, na kila ndoo huingizwa ndani ya kasha au kapu pana lililoshindiliwa pumba za mpunga, sufi, au maganda makavu ya karanga, unene wa sentimeta kumi kila upande, juu na chini pia. Ndoo tupu iliyoachwa ukumbini na maji ya nyuzi 60 itakuwa imepoa karibu kabisa alfajiri. Ndoo iliyovikwa pumba, kwa hesabu, itapoteza nyuzi sita hadi kumi. Maji ya nyuzi 50 saa kumi na moja alfajiri bado huchanganywa na ya baridi kabla ya kumwagiwa mtoto. Na hapa itolewe tahadhari kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi, hasa ya mtoto mchanga na ya mzazi anayekandwa. Kiwiko cha mkono ni kipimo cha zamani na kizuri.

Zipo tahadhari nyingine ambazo mashabiki wa nishati ya jua hupenda kuzipita kimya. Madumu na mapipa yaliyowahi kutiwa viuatilifu vya korosho yasitumiwe hata kwa kuoga, yaoshwe namna gani. Maji ya vuguvugu si maji salama ya kunywa. Joto la nyuzi 65 likidumu kwa dakika kadhaa huua vijidudu vingi vinavyoleta kuhara, lakini siku ya mawingu sanduku halitafika huko, na jicho haliwezi kutambua tofauti ya nyuzi 50 na 65. Anayetaka kupikia atumie sufuria nyeusi yenye kifuniko, ndani ya sanduku la peke yake. Maji hayo yakitoka na nyuzi 60, nusu ya safari ya kutoka nyuzi 20 mpaka 100 imekwisha fanywa na jua, na kuni za kuchemshia maji ya kunywa na ya ugali hupungua kwa kiasi hicho hicho. Katika miezi ya masika zitakuwapo siku ambazo mafiga yatawashwa kama zamani. Chombo kinachopumzisha kuni siku mbili katika kila tatu hakistahili kudharauliwa kwa ajili ya siku ya tatu.

Linabaki swali la nani alipe kioo. Mbao, bati na pumba hupatikana. Kioo ndicho kinachonunuliwa kwa fedha taslimu, tena huvunjika njiani. Ruzuku zimetolewa kwa mitungi ya gesi na kwa kuunganisha umeme. Haielekei kuwa na mantiki kwamba mkulima asaidiwe kununua chombo kitakachomdai fedha kila mwezi, asisaidiwe kununua kipande cha kioo kisichodai kitu tena. Vyama vya ushirika vinavyouza korosho vingeweza kuleta vioo kwa wingi msimu wa mauzo, wakati fedha ziko mkononi, na kukata gharama kwenye malipo kama inavyofanywa kwa pembejeo. Lakini ushirika hautaweka saini kwa hesabu za karatasini, na ni sawa kabisa usifanye hivyo.

Hapo ndipo shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa zinapohitajika kuliko wataalamu wa Dar es Salaam. Masanduku manne yanatosha: moja lenye kioo kimoja, moja lenye vioo viwili, moja lenye karatasi angavu ya plastiki badala ya kioo, na la nne lisilo na kifuniko chochote. Kila moja litiwe lita 40 saa moja na nusu asubuhi. Joto la maji na la hewa lipimwe kila saa mpaka saa kumi na moja jioni, kisha maji yahamishiwe katika ndoo za pumba na kupimwa tena saa kumi na moja alfajiri, na hali ya mawingu iandikwe kando. Kazi hiyo ianze mwezi wa Mei na isiachwe kabla ya Aprili inayofuata, kwa kuwa daftari la kiangazi peke yake litasema uongo. Vipimajoto vinne vya maabara na saa moja ndivyo vifaa vyote. Bweni la wasichana likioga maji hayo katika mwezi wa Julai, mpishi wa shule apewe mizani ya kupimia kuni alizoacha kuchoma.